Mzigo wa Mwenzio: Moyo wa Kazi Hospitalini Wakati wa Kutoka Daftari Kwenda Kompyuta

*Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia*





Tulipotangaza mada ya leo, baadhi yenu mlituuliza kwa mshangao: Tume ya Haki na Amani ina shughuli gani na kompyuta za hospitali? Mmezoea kutusikia tukizungumzia ardhi, mirathi ya wajane, rushwa na ujira wa vibarua. Swali hilo ni la haki, nasi tunapenda kulijibu mwanzoni kabisa ili tuende pamoja.

Kwa muda sasa tumekuwa tukipokea malalamiko ya aina mbili. Ya kwanza hutoka kwa wagonjwa na jamaa zao: kwamba wauguzi wamekuwa wakali, hawamtazami mtu usoni, na foleni haisogei. Ya pili hutoka kwa watumishi wa afya wenyewe, ambao wengi wao ni waumini wa parokia zetu: kwamba wamechoka, hawajui tena kama wao ni wauguzi au makarani, na baadhi yao wanatafuta njia ya kuiacha kazi waliyoipenda. Tulipoyachunguza malalamiko hayo tuliona kuwa yana shina moja. Yalizidi pale hospitali zilipoanza kuyaacha majalada ya karatasi na kuandika habari za wagonjwa katika kompyuta.

Hatukuja hapa kuilaani kompyuta. Wala hatukuja kuwatetea wauguzi wenye lugha mbaya. Tumekuja kusema jambo moja, ambalo tunaamini ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la ufundi: anayemwekea mwenzake mzigo mpya hana budi kumpa na nguvu ya kuubeba. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama ukiwa begani kwa mwingine huoni uzito wake. Tuutazame basi mzigo huo kwa zile hatua tatu mlizozizoea, yaani kuona, kuamua na kutenda.

I. KUONA

*Daftari tulilokulia nalo*

Wengi wetu tumekulia katika hospitali za daftari. Mama alifika na kadi ya mtoto mkononi, karani wa masjala akaingia kati ya rafu kulitafuta jalada, tabibu akaandika, mfamasia akasoma mwandiko huo kwa shida akatoa dawa. Nchini Tanzania, tangu miaka ya 1990, watumishi wa afya wamekuwa wakijaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mwisho wa mwezi muuguzi aliketi chini na kuhesabu kwa kuchora vijiti: watoto waliochanjwa, akina mama waliojifungua, wagonjwa wa malaria. Hesabu hizo zilipelekwa wilayani, na mara nyingi muuguzi hakusikia tena zimefanyiwa nini.

Tusilipambe daftari hilo kupita kiasi. Lilikuwa na dhambi zake. Jalada lilipotea, na mgonjwa akafunguliwa jalada jipya kana kwamba hajawahi kuugua. Mvua ilipovuja juu ya rafu, habari za miaka mingi ziliharibika kwa usiku mmoja. Mtu aliyedhurika na dawa fulani mwaka jana aliweza kupewa dawa ile ile mwaka huu, kwa sababu hakuna aliyekumbuka. Mgonjwa wa kifua kikuu au wa virusi vya UKIMWI aliyeacha kuja kuchukua dawa hakugunduliwa mpaka hali yake ilipokuwa mbaya. Kwa hiyo wale walioleta kompyuta hospitalini hawakuja na nia mbaya. Walikuja kutibu ugonjwa uliokuwapo kweli.

*Funzo kutoka kwa jirani*

Tunao mfano wa karibu. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na mji wa Eldoret nchini Kenya, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, walianzisha mfumo wa kuandika habari za wagonjwa kwa kompyuta. Waliofanya kazi hiyo walikuwa na busara ya kupima muda kabla na baada ya mabadiliko, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2003. Muda wa mgonjwa kukaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Muda wa kungoja ulipungua kwa asilimia 38. Mtu aliyetembea saa mbili kufika zahanati anajua thamani ya jambo hilo.

Lakini wataalamu hao hawakuficha upande wa pili. Muda ambao mgonjwa alikaa na mtoa huduma ulipungua kwa asilimia 58. Watumishi walitumia nusu tu ya muda waliokuwa wakiutumia zamani kushughulika na wagonjwa, na muda wa kushughulika wao kwa wao ulipungua kwa theluthi mbili. Hatusemi hivyo kwa kukilaumu kituo kile. Kutokana na kazi iliyoanzia huko ilizaliwa, mwaka 2004, programu ya OpenMRS ambayo hutumiwa bila kununuliwa, na ambayo imesaidia nchi nyingi maskini. Tunasema hivyo kwa sababu hesabu zile zinatuuliza swali zito: muda uliookolewa umekwenda wapi? Kama umemrudia mgonjwa, tumshukuru Mungu. Kama umepotea, basi tumepata foleni fupi na tumepoteza mazungumzo, yaani ule wakati mama anapopata ujasiri wa kusema neno ambalo hakulisema mapokezini.

*Tuliyoyaona wenyewe*

Wajumbe wa Tume tulitembelea hospitali moja iliyokuwa katikati ya mabadiliko hayo. Hatuitaji jina, wala hatuwataji waliozungumza nasi, kwa maana walizungumza kwa kutuamini.

Tulimkuta mkunga ambaye amepokea watoto kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Baadhi ya watoto hao sasa huja kujifungulia mikononi mwake. Alipewa mafunzo ya siku mbili, watu sita wakiigombania kompyuta moja, kisha akaambiwa aanze. Huandika kwa kidole kimoja, akitafuta herufi moja baada ya nyingine, huku mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo akimsahihisha mbele ya wagonjwa. Alituambia: "Jamani, mimi sikuwahi kuogopa damu wala usiku. Leo naogopa kile kioo." Siku hiyo hiyo bibi mmoja alitulalamikia nje ya wodi kwamba nesi alikuwa akitazama televisheni wakati yeye anaeleza maumivu yake. Bibi yule hakusema uongo kwa alivyoona. Na mkunga yule hakumdharau bibi. Kati yao palikuwa na kitu ambacho hakuna aliyewaeleza wote wawili.

Tulimkuta karani wa masjala. Kwa miaka mingi aliweza kulifuata jalada gizani, na mgonjwa alipoingia mlangoni alimtambua kabla hajataja jina. Habari kwamba masjala itafungwa alizisikia kwa mlinzi wa getini. Hakuna kiongozi aliyemwita kumwambia kama atafundishwa kazi nyingine au ataachishwa. Tangu siku hiyo, alituambia, kila asubuhi huja kazini kama mtu anayehudhuria matanga yake mwenyewe.

Tulimkuta tabibu kijana anayeipenda kompyuta. Alitusimulia kwa furaha jinsi alivyoweza kuona kwa dakika moja vipimo vyote vya mtoto mwenye selimundu, akagundua kwamba damu ya mtoto ilikuwa ikishuka kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Kwenye daftari, alisema, asingeligundua. Lakini hata yeye alikuwa amechoka. Mgonjwa mmoja alimwandika mara tatu: katika kompyuta, katika kitabu cha MTUHA kwa sababu wilaya ilikuwa ingali inakidai, na katika fomu ya bima. Kompyuta ilikuja, na daftari halikuondoka.

Tena kuna usiku. Umeme hukatika, jenereta huwashwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji tu, na wauguzi wa zamu huandika kwenye karatasi wakimulika kwa simu. Asubuhi, badala ya kukabidhi zamu na kwenda nyumbani kulala, hubaki wakiingiza viporo vya usiku ndani ya mfumo. Saa hizo hazilipwi. Wakiondoka bila kuingiza, mfamasia hataona dawa iliyoagizwa, mhasibu hataona fedha, na jina litakaloulizwa ni la muuguzi.

*Si sisi peke yetu*

Ndugu wapendwa, tusidhani kwamba uchovu huu ni wa watu wasiosoma au wa nchi maskini. Nchini Marekani, mwaka 2009, ilitungwa sheria ya kuwapa madaktari na hospitali fedha nyingi ili wahamie kwenye kompyuta, na baadaye kuwapunguzia malipo waliobaki nyuma. Uchunguzi uliochapishwa huko mwaka 2016, uliowafuatilia madaktari 57 kazini, ulionyesha kwamba kwa kila saa moja ambayo daktari aliitumia uso kwa uso na wagonjwa, karibu saa mbili nyingine aliziacha kwenye kompyuta na kazi za mezani. Hao ni watu wenye umeme usiokatika, mtandao wa kasi na vidole vilivyozoea tangu utotoni.

Mjini Los Angeles, mwanzoni mwa mwaka 2003, hospitali kubwa ya Cedars-Sinai ililazimika kuuzima mfumo wake mpya wa kuagizia dawa na vipimo, miezi michache tu baada ya kuuwasha, kwa sababu madaktari kwa mamia walilalamika kwamba unawachelewesha. Tuone tofauti hapo. Daktari wa mji mkubwa akikataa, mfumo huzimwa. Muuguzi wa zahanati ya kijijini hana sauti kama hiyo. Yeye hukataa kwa kunyamaza, kwa kuchelewa kufika, kwa kumjibu mgonjwa kwa mkato, kwa kuomba uhamisho. Nasi tusiojua huita jambo hilo uvivu.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeueleza uchovu wa namna hiyo kuwa jambo linalotokana na msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kuona kwamba huwezi tena kuifanya vizuri. Tuzingatie maneno hayo "mahali pa kazi". Kumbe moyo wa kazi ukivunjika, pa kuanza kutazama ni kazi yenyewe ilivyopangwa, kabla ya kuitazama tabia ya mfanyakazi.

II. KUAMUA

*Mwenye nyumba ya wageni*

Sote twaijua habari ya Msamaria Mwema. Mara nyingi mahubiri huishia kwa Msamaria, na huwasahihisha kuhani na Mlawi waliopita kando. Leo tumtazame mtu ambaye husahauliwa, naye ni mwenye nyumba ya wageni. Huyo ndiye aliyekesha na majeruhi. Ndiye aliyeosha vidonda siku ya pili na ya tatu. Kwa maneno ya leo tungesema kwamba yeye ndiye mtumishi wa afya katika habari ile.

Sasa angalieni Msamaria alivyomtendea. Hakumtupia mgonjwa mlangoni na kumwambia kuwa huo ni wito wake. Alitoa dinari mbili, akaahidi kwamba gharama ikizidi atalipa atakaporudi. Aliyeleta mzigo alileta na uwezo wa kuubeba, na aliahidi kurudi kuuliza. Hapo tunaona kipimo cha haki kwa kila serikali, kila jimbo, kila mfadhili na kila bodi inayoleta mfumo mpya hospitalini. Mzigo mmeuleta, dinari mbili ziko wapi? Na mtarudi lini kuuliza?

*Chombo na mtu*

Mafundisho ya Kanisa mintarafu kazi hayajauacha mambo haya bila mwanga. Katika waraka wake *Laborem Exercens* wa mwaka 1981, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba kazi ina pande mbili: upande wa kitu kinachofanywa na vyombo vinavyotumika, na upande wa mtu anayeifanya. Alikiri kwamba ufundi wa kisasa ni rafiki wa mtu, kwani humwongezea uwezo na kumpunguzia taabu. Lakini alionya kwamba rafiki huyo aweza kugeuka karibu kuwa adui, pale anapomnyang'anya mfanyakazi furaha ya kazi yake na nafasi ya kubuni na kuamua, au anapomfanya kuwa mtumwa wa mashine. Kazi ipo kwa ajili ya mtu.

Tukipima kwa kipimo hicho, hatutauliza tu kama mfumo unafanya kazi. Tutauliza pia: je, mkunga yule amekuwa mkunga bora zaidi, au amepunguzwa? Ujuzi wake wa miaka ishirini na mitano, ambao hauandikiki katika kisanduku chochote cha kompyuta, bado unaheshimiwa? Mwanafunzi anayejua kubonyeza vizuri ana la kumfundisha, na afanye hivyo kwa adabu. Lakini mwanafunzi huyo hajui bado sauti ya mama ambaye uchungu wake umekwenda vibaya. Hospitali inayomwaibisha mkubwa mbele ya wagonjwa imepoteza hazina ambayo hakuna programu itakayoirudisha.

*Neno la mashine na neno la mtu*

Liko jambo jingine linalovunja moyo, nalo ni shuku. Katika hospitali nyingi kompyuta ilikuja pamoja na habari kwamba itaziba mianya ya wizi wa dawa na fedha. Ni kweli mianya ilikuwapo, na ni haki izibwe. Lakini watumishi waaminifu walisikia ujumbe mwingine: kwamba wote ni wezi wanaowekewa mlinzi. Na hesabu za mfumo zisipolingana na dawa zilizoko kabatini, wa kwanza kuitwa ofisini ni aliyekuwa zamu.

Katika hili historia ya Uingereza itufunze. Kati ya mwaka 1999 na 2015 wasimamizi wa vituo vya posta zaidi ya 700 walishtakiwa na kutiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, kwa sababu mfumo wa kompyuta uitwao Horizon ulionyesha kuwa fedha zimepungua. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Baadaye ilithibitika mahakamani kwamba mfumo wenyewe ulikuwa na makosa, na mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria ya kuzifuta hukumu hizo. Posta si hospitali, lakini dhambi ni ile ile: kuliamini neno la mashine kuliko neno la mtu, bila kuchunguza.

Katika hospitali zetu hatari hiyo huongezwa na umaskini wa vifaa. Kompyuta moja hutumiwa na watu watano, na ili foleni isikwame hutumia neno la siri la mmoja wao siku nzima. Likitokea kosa, au siri ya mgonjwa ikitoka nje, mfumo utamtaja mwenye neno la siri hata kama alikuwa wodini akimwogesha mgonjwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na Kenya ilitangulia mwaka 2019. Sheria hizo ni njema, kwa maana siri ya mgonjwa ni heshima yake. Lakini si haki kumdai mtu ailinde siri kwa kufuli moja linalogawanywa na watu watano.

III. KUTENDA

Ndugu viongozi wa walei, baadhi yenu ni wajumbe wa bodi na kamati za hospitali. Wengine ni wagonjwa, na sote tutakuwa wagonjwa siku moja. Tunawapeni mambo sita ya kuyasimamia.

*Kwanza, watumishi waulizwe kabla.* Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla ya mfumo kununuliwa au kupokewa, mkunga, karani, mfamasia, mtu wa maabara na mhudumu wa wodi waketi pamoja na mafundi na kueleza kazi yao inavyokwenda. Mfumo ulioundwa bila wao utawafanya watumishi kwa ajili yake.

*Pili, mzigo mpya ukiingia, wa zamani utoke.* Kuandika katika vitabu viwili kunaweza kuvumilika kwa majuma machache ya mpito. Bodi itaje tarehe ya mwisho na kuiheshimu. Na pale ambapo wilaya, mfadhili au bima wanadai fomu zao, viongozi wa hospitali ndio waende kujadiliana nao. Jambo hilo lisiachwe begani kwa muuguzi.

*Tatu, mafunzo yawe sehemu ya kazi.* Yafanyike ndani ya saa za kazi, kwa muda wa kutosha, na wakubwa wafundishwe faraghani bila kuaibishwa. Katika majuma ya kwanza wagonjwa wasio wa dharura wapangiwe siku nyingine, au waongezwe wasaidizi, kwa maana mtu anayejifunza hawezi kwenda kwa mwendo wa jana. Parokia zetu zina vijana waliosomea kompyuta wanaokaa bila ajira. Kwa nini wasialikwe, kwa posho ya haki, kuketi kando ya wauguzi kwa mwezi mmoja? Lakini waape kwanza kutunza siri, na kazi yao iishie kwenye kibodi.

*Nne, usiku uandaliwe.* Pawepo umeme wa akiba kwa ajili ya mfumo, fomu za karatasi zilizo tayari kwa saa ambazo mfumo umegoma, na mtu maalumu wa kuingiza viporo asubuhi. Muuguzi aliyemaliza zamu aende nyumbani. Akibakizwa, alipwe.

*Tano, kila mtumishi awe na neno lake la siri, na asihukumiwe mtu kwa neno la mashine peke yake.* Hesabu isipolingana, pakaguliwe kwanza kabati, karatasi na mfumo wenyewe, naye mhusika asikilizwe akiwa na mwenzake.

*Sita, muda uliookolewa umrudie mgonjwa.* Bodi iulize kila baada ya miezi mitatu: je, wauguzi wetu wanapata nafasi ya kuongea na wagonjwa kuliko zamani, au wanapungukiwa? Na je, wanapata nafasi ya kuzungumza wao kwa wao, maana katika mazungumzo ya kukabidhiana zamu hupitishwa mambo ambayo hayana kisanduku?

Nasi wagonjwa tuna wajibu wetu. Tunapoona muuguzi ameinamia kompyuta, tusiseme haraka kwamba ametudharau. Tumsalimu. Tumwulize kwa upole kama tungoje amalize kuandika. Tunapoona jambo baya kweli, tulipeleke kwa uongozi kwa njia ya haki badala ya kulitukania dirishani. Na wauguzi, kwa upande wao, watuambie tu maneno machache: "Mama, naandika maelezo yako hapa ili yasipotee." Bibi yule wa televisheni angeambiwa maneno hayo, angerudi nyumbani na moyo mwingine.

MWISHO

Wazee wetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kompyuta ni mgeni katika hospitali zetu, na amekuja na zawadi za kweli. Mtoto mwenye selimundu tuliyemtaja alipona hatari kwa sababu ya zawadi hiyo. Lakini mwenyeji bado hajapona. Mkunga wetu anaogopa kioo, karani wetu hajaambiwa kesho yake, na wauguzi wa usiku wanatembea kwenda nyumbani jua likiwa utosini.

Tulipokuwa tunaondoka katika hospitali ile, yule karani wa masjala alitusindikiza mpaka getini. Alituomba jambo moja tu: tukikutana na wakubwa, tuwaambie wamwite. Hata kama habari ni mbaya, wamwite wamwambie. Tulifikisha ombi lake, na tunaendelea kulifuatilia. Tunalileta na kwenu, kwa maana katika kila hospitali iliyo karibu na parokia yenu yuko mtu anayengoja kuitwa.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu wako watumishi wa afya? Tumewahi kuwauliza kazi yao inakwendaje, au tunawakumbuka tukiugua tu?

2. Nani anatuwakilisha katika bodi au kamati ya hospitali ya karibu nasi? Ametuletea taarifa lini?

3. Mfumo mpya ulipoingia katika hospitali yetu, ni mzigo gani wa zamani ulioondolewa? Kama hakuna, tumwulize nani?

4. Mara ya mwisho tulipotibiwa, ni jambo gani tulitaka kulisema tukakosa nafasi ya kulisema?

Mungu awabariki wagonjwa wetu, na awabariki wanaowauguza.